Nyumba Namba 4600, Mtaa wa Labadie: Familia Mbili, Karatasi Moja na Mkono wa Mahakama

Kwa kuitazama tu, nyumba yenyewe haina makuu. Ni ya matofali, ya ghorofa moja, ilijengwa mwaka 1906 katika mtaa wa Labadie, kaskazini mwa jiji la St. Louis, jimbo la Missouri, Marekani. Ilijengwa ikae familia mbili, moja chini na moja juu. Jiji hilo limejaa nyumba za namna hiyo. Baada ya moto wa 1849 kuteketeza sehemu kubwa ya katikati ya mji, ikapitishwa sheria ya kutaka majengo yawe ya mawe au matofali, na kwa kuwa udongo wa mfinyanzi ulikuwa tele ardhini, tofali jekundu likageuka kuwa sura ya St. Louis. Ukisimama mbele ya nyumba ya familia mbili ya jiji hilo, mara nyingi utakuta milango miwili imekaa ubavu kwa ubavu. Mmoja unaingia sebuleni kwa wa chini. Mwingine ukiufungua unakutana na ngazi uso kwa uso.

Uzuri wa nyumba za aina hii ni hesabu yake. Mwenye nyumba anakaa upande mmoja, upande wa pili anapangisha, na kodi ya mpangaji inamsaidia kulipa deni la benki. Kwa fundi mwashi, kwa mfanyakazi wa kiwandani, kwa mama anayefanya kazi za ndani kwa watu, hiyo ndiyo ilikuwa njia ya karibu zaidi ya kuondoka kwenye upangaji na kuwa na pa kwako. Weka jambo hilo akilini, kwa sababu karatasi iliyoleta mgogoro huu iliandikwa na watu walioielewa hesabu hiyo vizuri sana.

Mgogoro wenyewe wanasheria wanaujua kwa jina la Shelley dhidi ya Kraemer, hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya tarehe 3 Mei 1948. Kila anayesoma sheria ya ardhi Marekani hukutana nayo. Wengi huianza kwenye hukumu na kuimalizia hapo hapo. Mimi nitaianza mtaani, maana ukiusoma mtaa kwanza unaona kitu ambacho hukumu inakitaja kwa mistari michache tu kisha inapita: Labadie haukuwahi kuwa mtaa wa wazungu watupu. Uliandikwa hivyo kwenye karatasi, na kwa miaka 34 karatasi na mtaa viliishi kila kimoja kivyake, mpaka mahakama ilipoombwa ivilazimishe vifanane.

Karatasi ya 1911

Tarehe 16 Februari 1911, wenye mali 30 kati ya 39 waliokuwa na viwanja pande zote mbili za Labadie, kuanzia Taylor Avenue hadi Cora Avenue, walitia saini makubaliano na kuyasajili. Eneo lote lilikuwa na viwanja 57. Hao 30 walikuwa na viwanja 47, kikiwemo cha namba 4600. Makubaliano yalisema kwamba kwa muda wa miaka hamsini hakuna sehemu ya mali hiyo itakayokaliwa na mtu asiye mzungu, nia ikiwa kuzuia isikaliwe, "kama wamiliki au wapangaji", na watu wa mbari ya Kinegro au ya Kimongolia.

Soma tena hayo maneno: kama wamiliki au wapangaji. Kwenye nyumba ya familia moja, kumzuia mnunuzi kungetosha. Kwenye nyumba ya familia mbili kuna mlango wa pili, na mzungu mwenye nyumba aliyebanwa na deni angeweza kumpangishia mtu mweusi orofa ya juu bila kuuza hata tofali. Waandishi wa karatasi wakauziba na mlango huo. Tena sharti halikufungwa kwa mtu, lilifungwa kwa ardhi yenyewe, likitakiwa kuambatana na kiwanja katika kila mauzo yajayo, liwe limetajwa kwenye hati mpya au halikutajwa. Aliyezaliwa mwaka 1920 alikuja kukuta ameshafungwa na saini za watu wa 1911.

Sasa upande wa pili. Siku ile ya kutia saini, viwanja vitano kati ya 57 vilikuwa mali ya Weusi. Kimojawapo kilikuwa kimekaliwa na familia za Weusi tangu 1882, karibu miaka thelathini kabla ya karatasi. Na upande wa kusini wa mtaa, jirani kabisa na nyumba tunayoizungumzia, wenye nyumba saba kati ya tisa hawakutia saini. Hakuna kumbukumbu ya sababu ya kila mmoja wao, lakini kama mlango wa karibu na wako unakaliwa na familia ambayo umeizoea miaka yote, karatasi ya kusema watu kama wao hawafai kukaa hapa itakuwa ngumu kidogo kuisaini.

Kwa nini watu binafsi ndio walioandika, na si serikali ya jiji? Serikali ilijaribu. Tarehe 29 Februari 1916 wapigakura wa St. Louis walipitisha, kwa wingi wa karibu watatu kwa mmoja, sheria ya jiji iliyokataza mtu kuhamia mtaa ambao asilimia 75 ya wakazi wake ni wa rangi nyingine. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi kutoka Louisville, Kentucky, ikaamua kwamba jiji haliwezi kugawa mitaa kwa rangi, na sheria ya St. Louis ikaishia hapo. Kilichobaki ni mikataba ya majirani. Mwaka 1926 mahakama hiyo hiyo iliitazama mikataba ya aina hiyo kutoka Washington na kuona hakuna swali la katiba la kujibu, kwa kuwa katiba huibana serikali na haimbani mtu na jirani yake. Kuanzia hapo mikataba ikaenea kwa kasi. Miaka ya 1930 idara ya serikali kuu iliyodhamini mikopo ya nyumba, FHA, ikawa inaipendekeza kwenye miongozo yake kama njia ya kulinda thamani ya mali.

Msomaji wa pwani yetu asidhani haya ni ya ng'ambo tu. Mwaka 1931 Baraza la Rufaa la London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya makoloni, liliamua kesi ya Kaderbhai kutoka Mombasa. Serikali ya koloni ilikuwa imetangaza mnada wa viwanja ambao ni Wazungu pekee walioruhusiwa kununua, kwa sharti kwamba nyumba zitakazojengwa zisikaliwe na Mwasia wala Mwafrika isipokuwa mtumishi wa ndani. Baraza likaona serikali ilikuwa na haki ya kuweka masharti hayo. Tofauti ya Mombasa na St. Louis ni kwamba Mombasa serikali iliweka jina lake juu ya sharti bila aibu. St. Louis sharti lilivaa nguo za majirani. Na kesi nzima ya Labadie, ukiichambua mpaka mwisho, ilikuwa ya kuzivua nguo hizo ili ionekane nani yumo ndani.

Hati ya Agosti 1945

J.D. Shelley na mkewe Ethel walitoka Mississippi, kama maelfu ya Weusi waliokuwa wakiikimbia Kusini kuelekea miji ya viwanda. Walikuwa na watoto sita. St. Louis ya wakati wa vita ilikuwa na kazi lakini haikuwa na nyumba za kuwatosha, hasa kwa watu waliobanwa na mikataba kila walikogeukia. Maeneo yaliyoachwa wazi kwao yalikuwa machache, na maarufu kati ya hayo ni The Ville, kusini kidogo ya Labadie. Humo ndimo ilimokuwa shule ya sekondari ya Sumner, iliyoanzishwa 1875, na hospitali ya Homer G. Phillips, iliyofunguliwa 1937 na kufundisha madaktari weusi wengi wa nchi hiyo. Humo pia alizaliwa mwanamuziki Chuck Berry mwaka 1926. Lilikuwa eneo la heshima zake, na lilikuwa limejaa pomoni.

Tarehe 11 Agosti 1945, siku chache kabla ya Japani kutangaza kusalimu amri, akina Shelley walipokea hati ya nyumba namba 4600. Na hapa kuna kipande cha kisa ambacho wanaopenda hadithi safi huwa wanakiruka. Hati ilitoka kwa mwanamke mmoja mzungu. Lakini mahakama ya kwanza ilikuja kubaini kwamba huyo alikuwa jina tu. Mali ilikuwa ya dalali aliyeiandikisha kwa jina lake, na dalali huyo ndiye aliyekuwa akiwahudumia akina Shelley kama wakala wao wa kununua. Hakuwaambia kwamba anawauzia cha kwake. Isitoshe, alikuwa mchungaji wa kanisa lao.

Hukumu haitoi lugha kali juu yake, nami sioni haja ya kumsulubu mtu kwa ufupi wa kumbukumbu za mahakama. Kununua kwa jina la mtu mwingine kulikuwa mbinu inayojulikana katika miji yote yenye mikataba hiyo. Mzungu alinunua kwanza, kisha hati ikahamia kwa Mweusi, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kuvuka. Lakini ni kweli pia kwamba soko la namna hii humfaidisha wa katikati. Mnunuzi mwenye milango michache hana nafasi ya kuulizia bei wala kudai kuona karatasi zote. Mahakama ya kwanza iliona kwamba akina Shelley walinunua bila kujua lolote kuhusu makubaliano ya 1911. Kisheria hilo halikuwasaidia sana. Karatasi ikishasajiliwa, sheria inamhesabu kila mtu kuwa ameshaarifiwa, awe amekwenda masijala kuisoma au hakwenda.

Mahakama tatu, majibu matatu

Tarehe 9 Oktoba 1945, hata miezi miwili haijapita, majirani wenye mali chini ya mkataba ule walifungua kesi, Louis Kraemer na mkewe Fern wakiwa mbele. Nyuma yao kulikuwa na chama cha wakazi, Marcus Avenue Improvement Association. Waliomba mambo mawili: akina Shelley wazuiwe kuichukua nyumba, na umiliki uondolewe kwao urudishwe kwa aliyewauzia au kwa mtu yeyote ambaye mahakama ingemtaja.

Ombi la pili linastahili kutazamwa kwa makini. Mkataba ulizungumzia kukaa. Haukusema Mweusi asimiliki. Ukiufuata neno kwa neno, Shelley angeweza kuwa mwenye nyumba, akapangisha wazungu juu na chini, na asivunje kitu. Lakini mahakama za Missouri zilikuwa zimeisoma mikataba hii kwa namna kwamba anayeivunja kwa kukaa anapoteza na umiliki pia. Kwa hiyo mahakama ilikuwa inaombwa ichukue nyumba kwa aliyeinunua kwa hiari na kuirudisha kwa aliyeiuza kwa hiari, ambaye hata hakuwa akiidai.

Mahakama ya mzunguko ya jiji, yaani ile ya kwanza, iliwapa ushindi akina Shelley, kwa sababu ambayo leo wengi wameisahau. Jaji hakugusa katiba. Alisema makubaliano hayakuwahi kukamilika: nia ya waliosaini ilikuwa yaanze kazi pale wenye mali wote watakapotia saini, na tisa hawakutia. Ni sababu kavu, ya kihesabu, na mimi naipenda kuliko wachambuzi wengi wanavyoipenda. Iliutendea haki mtaa. Zile nyumba saba za kusini ambazo wenyewe hawakusaini, ile familia ya 1882, vyote vilikuwa na uzito katika hukumu hiyo. Ni kana kwamba jaji alifungua dirisha akatazama nje kabla ya kuandika.

Mahakama ya juu ya Missouri haikutazama nje. Mwezi Desemba 1946, majaji wake wote wakikaa pamoja, waliutengua uamuzi huo, wakasema mkataba ni halali kati ya waliosaini, na kwamba kuutekeleza hakuvunji haki yoyote ya akina Shelley chini ya katiba ya nchi. Wakati hukumu hiyo inasomwa, familia ilikuwa tayari inaishi ndani ya nyumba. Walikuwa wanaamriwa watoke kwao.

Wakili wao alikuwa George L. Vaughn wa St. Louis, mzaliwa wa wazazi waliowahi kuwa watumwa. Fedha na mipango vilitoka kwa madalali weusi wa nyumba wa jiji hilo, waliounda chama chao chini ya James T. Bush kwa kusudi hilo hasa. Binti yake Bush, Margaret Bush Wilson, akiwa wakili kijana, alikifanyia chama hicho kazi ya sheria, na miaka mingi baadaye akawa mwenyekiti wa bodi ya NAACP, chama kikubwa cha haki za Weusi. Inafaa kusema wazi kwamba madalali hawa walikuwa na maslahi yao pia. Mikataba ilipofunga mitaa, ilifunga na biashara yao. Haki nyingi zimepiganiwa na watu waliokuwa na kitu mfukoni cha kupoteza, na sioni kwamba hilo linazipunguzia chochote.

Wakili Thurgood Marshall na wenzake wa NAACP walikuwa wakipanga mkakati wao taratibu, wakichagua kesi ipi itangulie. Vaughn hakuwasubiri. Alipeleka ombi la rufaa Washington mwaka 1947, na NAACP wakalazimika kuharakisha kesi yao ya Detroit, ya familia ya McGhee, isije ile ya St. Louis ikaamuliwa peke yake. Kesi mbili nyingine zilitoka Washington yenyewe, zikiongozwa na wakili Charles Hamilton Houston. Serikali ya shirikisho nayo ikajitokeza kuwaunga mkono wanunuzi, kupitia mwanasheria wake mkuu wa kesi za mahakama hiyo, Philip Perlman. Serikali ile ile ambayo idara yake ya mikopo ilikuwa imeipendekeza mikataba hiyo.

Kesi zilisikilizwa Januari 1948, na kabla hazijaanza viti vitatu kati ya tisa vilikuwa wazi. Majaji Reed, Jackson na Rutledge walijitoa bila kueleza sababu. Tangu siku hizo wengi wameamini kwamba walikuwa na nyumba zenye masharti hayo hayo kwenye hati zao. Kama ni kweli, hakuna ushahidi mzuri zaidi wa jinsi karatasi hizi zilivyokuwa zimeenea.

Vaughn alisimama na hoja iliyowashangaza baadhi ya mawakili wenzake. Badala ya kujikita tu kwenye Marekebisho ya 14 ya katiba, yanayodai ulinzi sawa wa sheria, alirudi nyuma hadi ya 13, yaliyofuta utumwa. Kwake, kumnyima mtu haki ya kununua na kukaa kwa sababu ya rangi kulikuwa mabaki ya utumwa. Maneno yake ya mwisho yamekumbukwa na waliokuwepo: kwamba Mweusi anabisha hodi kwenye mlango wa Marekani akilia, niruhusuni niingie nikae karibu na moto, nilisaidia kuijenga nyumba hii.

Hukumu ilitolewa na Jaji Mkuu Fred Vinson, kura sita kwa sifuri, na haikuifuata njia ya Vaughn. Vinson alianza kwa kuwapa majirani walichokuwa wakikitaka: mikataba yenyewe, ikitimizwa kwa hiari ya waliosaini, haivunji katiba. Kisha akageuza shilingi. Hapa, alisema, kuna mwenye kutaka kuuza na mwenye kutaka kununua, wamekubaliana, na kama si mahakama za jimbo kuingilia kati kwa nguvu zote za dola, akina Shelley wangekaa kwao bila kizuizi. Amri ya jaji ni tendo la serikali sawasawa na sheria iliyotungwa na bunge. Na serikali hairuhusiwi kumnyima mtu ulinzi sawa wa sheria.

Upande wa Kraemer ulikuwa na jibu ambalo lilionekana la busara: mahakama zetu ziko tayari kutekeleza mkataba wa namna hii hata dhidi ya wazungu, kwa hiyo wote tuko sawa. Vinson alilikataa kwa sentensi moja inayonukuliwa hadi leo: ulinzi sawa wa sheria haupatikani kwa kusambaza kukosa usawa kwa kila mtu. Haki ni ya mtu mmoja mmoja. Shelley hapati nafuu kwa kuambiwa kwamba mahali fulani kuna mzungu naye anaweza kufukuzwa.

Nguvu ya hukumu na kilema chake

Kinachoonekana hapa ni kwamba Vinson hakuichana karatasi. Aliikata mkono. Majirani wa Labadie wangeweza kuendelea kuamini kila neno la 1911, kukataa kuuza, kununiana na kuamkiana kwa jicho la pembeni. Wasichoweza tena ni kumwita askari wa mahakama.

Wanasheria wamelumbana juu ya hoja hii kwa miaka mingi. Herbert Wechsler, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliihoji mwaka 1959: kama kila amri ya mahakama inayotekeleza matakwa ya mtu binafsi ni tendo la serikali, basi mwenye nyumba anayemfukuza mgeni kwa ubaguzi akaita polisi kwa kosa la kuingia kwake bila ruhusa, naye polisi akitii, katiba imevunjwa? Swali ni zuri, na mahakama zilizofuata zililikwepa kwa kuiweka hukumu ya Labadie ndani ya mipaka myembamba. Lakini nadhani wakosoaji wanasahau ombi lenyewe lilikuwa nini. Hapakuwa na mgeni aliyefukuzwa sebuleni kwa mtu. Palikuwa na watu wa nje ya mauzo, wasio wauzaji wala wanunuzi, wakiiomba dola iichukue nyumba ya wengine. Ukiurudisha mgogoro kwenye milango miwili ya namba 4600, hofu ya Wechsler inapungua sana.

Kilema cha kweli kilijitokeza haraka mahali pengine. Majirani wa California waliona kwamba hawawezi kumtoa mnunuzi mweusi, wakaamua kumshtaki muuzaji mzungu alipe fidia kwa kuvunja mkataba. Mzungu gani angeuza akijua kesi ya fidia inamsubiri? Mwaka 1953, katika Barrows dhidi ya Jackson, Mahakama Kuu iliuziba mwanya huo pia. Jaji mmoja tu alipinga, naye alikuwa Vinson.

FHA nayo haikuwa na haraka. Ilikuwa Desemba 1949 ndipo ilipotangazwa kwamba haitadhamini mikopo ya mali zenye mikataba ya rangi, tena ile tu itakayosajiliwa baada ya 15 Februari 1950. Aliyekuwa na mkataba wake wa zamani hakusumbuliwa. Na wale waliopewa zaidi ya wiki sita za kuwahi masijala, ni wazi waliambiwa wafanye nini.

Mkataba wa Labadie wenyewe ungekufa kifo cha kawaida tarehe 16 Februari 1961, miaka hamsini ikitimia. Kufikia wakati huo sehemu hiyo ya jiji ilikuwa imegeuka kuwa ya Weusi karibu yote. Wazungu walikuwa wakihamia vitongoji vya nje, kwenye nyumba mpya za familia moja zilizojengwa kwa mikopo yenye dhamana ya serikali ambayo Weusi hawakuipata kirahisi. Jiji lililokuwa na watu 856,796 katika sensa ya 1950 lilibaki na 301,578 mwaka 2020. Kaskazini mwa St. Louis sasa kuna nyumba nyingi za matofali zilizoachwa tupu, na kwa miaka mingi wezi wamezibomoa ukuta kwa ukuta kuuza matofali, maana tofali la zamani la St. Louis lina bei nzuri kwa wajenzi wa miji mingine. Namba 4600 ilitangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa tarehe 14 Desemba 1990. Si makumbusho. Ni nyumba ya mtu.

Ile hoja ya Vaughn iliyoachwa kando mwaka 1948 ilirudi, na ilirudi kutoka huko huko. Mwaka 1968 Mahakama Kuu iliamua kesi ya Jones dhidi ya Alfred H. Mayer, kampuni ya ujenzi iliyokataa kumuuzia mtu nyumba katika kaunti ya St. Louis kwa sababu ya rangi yake. Hapakuwa na mkataba wa majirani wala amri ya mahakama ya kuigeuza kuwa tendo la serikali, muuzaji tu aliyesema hapana. Hoja ya Vinson isingefika hapo. Mahakama ikashika sheria ya haki za raia ya 1866 na Marekebisho ya 13, ikasema kumnyima mtu kununua nyumba kwa rangi yake ni mabaki ya utumwa, na kwamba bunge lina uwezo wa kuyapiga marufuku hata yakitoka kwa mtu binafsi. Vaughn alikuwa amefariki mwaka 1949.